Faili lako, kufuli lao: uchambuzi wa kisa cha Equifax

Tarehe 7 Septemba 2017 kampuni ya Equifax ya Atlanta, inayokusanya na kuuza taarifa za mikopo ya watu, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika mifumo yake na kuondoka na taarifa za Wamarekani wapatao milioni 143. Mwezi uliofuata hesabu ikapanda hadi milioni 145.5, na Machi 2018 wakaongezwa wengine milioni 2.4. Hao ni zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi ile. Na hawakuwa wateja wa Equifax. Wengi wao walikuwa hawajawahi hata kulisikia jina lenyewe. Benki isiyokutunzia siri unaihama. Kutoka Equifax huna pa kuhamia, kwa sababu hukuingia kwa hiari yako.

Habari za udukuzi huo zimeshasimuliwa sana. Hapa nataka tukitazame kisa kutoka upande wa mtu aliyeamka asubuhi ya tarehe 8, akaambiwa namba yake ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, huenda iko mikononi mwa watu asiowajua, akauliza: sasa nifanye nini? Jibu la wajuzi lilikuwa moja, na lilikuwa sahihi. Fungia faili lako la mikopo, yaani ziamuru kampuni zinazolitunza zisimwonyeshe mkopeshaji yeyote mpya mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Yaliyomkuta mtu huyo alipojaribu kufanya hivyo yanaeleza mengi kuhusu faili lile kuliko udukuzi wenyewe.

Biashara ya mafaili

Equifax ilianza mwaka 1899 ikiitwa Retail Credit Company. Ndugu wawili, Cator na Guy Woolford, walikusanya habari za nani hulipa madeni na nani hukwepa, wakawauzia wenye maduka. Kufikia miaka ya 1960 kampuni ilikuwa na mafaili ya mamilioni ya watu, na ndani yake hamkuwa na madeni tu. Mlikuwa na umbea: fulani mlevi, ndoa ya fulani inayumba. Malalamiko juu ya mwenendo huo yalichangia Bunge la Marekani kupitisha sheria ya taarifa za mikopo mwaka 1970. Mwaka 1975 kampuni ikabadili jina.

Leo soko limeshikwa na kampuni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Mkenya atalitambua hilo la mwisho, maana TransUnion ni mojawapo ya CRB, yaani kampuni za kutunza taarifa za mikopo, zinazofanya kazi Nairobi. Ila asidhani ni mambo yaleyale. Kenya mtu akisema amewekwa CRB, anamaanisha ameshindwa kulipa na sasa milango imefungwa. Marekani karibu kila mtu mzima ana faili, liwe zuri au baya, na anayetaabika ni yule asiyekuwa nalo kabisa. Familia ya wakimbizi wa Kongo iliyotolewa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ikapelekwa Ohio ilifika bila faili. Ilianza kulijenga kwa kulipa polepole mkopo wa nauli ya ndege iliyowaleta, kisha kadi ndogo ya benki yenye dhamana. Ndiyo maana mgeni akiibiwa utambulisho katika miaka ile ya mwanzo huumia zaidi ya mwenyeji: faili lake ni jembamba, na deni moja la uongo linatosha kulichafua lote.

Sasa angalia faili linavyotumika. Unaenda kununua gari kwa mkopo. Muuzaji anaandika jina lako, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security. Ombi linakwenda kwa kampuni moja au zote tatu, na katika muda wa sekunde chache taarifa zinarudi: madeni uliyonayo, uliyolipa, uliyochelewa, pamoja na alama zako, yaani namba inayoonyesha unavyoaminika kulipa. Kampuni inalipwa ada. Wewe umesimama pale pale, lakini hakuna aliyekuuliza neno. Mfumo haukutazami usoni. Unatazama kama namba zimelingana. Mwizi mwenye namba zako, akiwa ameketi mbele ya kompyuta mji mwingine kabisa, kwa mfumo huo ni wewe.

Namba yenyewe haikuundwa kwa kazi hiyo. Ilianza kutolewa mwaka 1936 kwa ajili ya hesabu za pensheni, na tangu 1946 hadi 1972 kadi zake ziliandikwa waziwazi kwamba si za kitambulisho. Benki, hospitali, vyuo na kampuni za simu zikaifanya kitambulisho hata hivyo. Ukiibiwa kadi ya benki unapewa nyingine ndani ya wiki. Namba ya Social Security haibadilishwi hivi hivi, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo kabisa. Kwa hiyo taarifa zilizoibwa mwaka 2017 zina makali yaleyale leo.

Walivyoingia, kwa ufupi

Machi 7, 2017 watunzaji wa programu ya Apache Struts, inayotumika kujengea tovuti, walitangaza kasoro kubwa ya usalama na kutoa sasisho la kuiziba. Siku iliyofuata serikali ya Marekani iliionya Equifax. Machi 9 barua pepe ya ndani iliagiza sasisho liwekwe ndani ya saa 48. Katika mfumo mmoja halikuwekwa, na ukaguzi wa kompyuta uliofanyika siku chache baadaye haukuliona pengo hilo.

Mfumo huo ulikuwa ACIS, chombo chenye mizizi katika miaka ya 1970, ambacho wananchi walikitumia kupeleka malalamiko pale faili linapokuwa na makosa. Yaani mlango uliotumika ni ule wa watu waliokuja kusema "mmeniandika vibaya". Nyaraka 182,000 za malalamiko hayo, nyingi zikiwa na nakala za vitambulisho vya wahusika, ziliondoka pamoja na mengine.

Wadukuzi waliingia Mei 13. Ndani walikuta faili lenye nywila ambazo hazikufichwa kwa namna yoyote, wakazitumia kufika kwenye hifadhidata 48 zisizohusiana na ACIS, na kuziuliza maswali kama 9,000. Walikaa siku 76.

Kwa nini hawakuonekana? Equifax ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yanayoingia na kutoka. Ili kifaa hicho kiyasome mawasiliano yaliyofichwa, kilihitaji cheti cha dijitali kilicho hai, na cheti kilikuwa kimekwisha muda. Ripoti ya kamati ya Baraza la Wawakilishi ya Desemba 2018 inasema kilikaa hivyo kwa miezi 19. Kifaa kilikuwa kinawaka, kimeunganishwa, hakioni kitu. Usiku wa Julai 29 wafanyakazi walipoweka cheti kipya, mawasiliano ya kutiliwa shaka yalijitokeza papo hapo. Kesho yake mfumo ukazimwa. Kamati hiyo haikuuma maneno: ilisema udukuzi ule ungeweza kuzuiwa kabisa.

Hasara: majina na tarehe za kuzaliwa za watu zaidi ya milioni 146, namba za Social Security milioni 145.5, anwani milioni 99, leseni za udereva milioni 17.6. Namba za kadi za benki zilikuwa 209,000 tu. Aliyeangalia kadi zake tu hakuangalia palipoungua.

Asubuhi ya tarehe 8

Mtu wetu anafungua tovuti ambayo Equifax iliiandaa mahususi, equifaxsecurity2017.com. Ili kujua kama ameathirika anatakiwa aandike jina la ukoo na tarakimu sita za mwisho za namba yake ya Social Security. Namba yote ina tarakimu tisa. Kampuni iliyotoka kupoteza namba za nusu ya nchi inamwomba theluthi mbili za namba hiyo, tena kupitia anwani isiyo ya tovuti yake ya kawaida. Wako waliojaribu kuandika majina ya kubuni wakajibiwa kwamba huenda wameathirika.

Anwani yenyewe ilikuwa ya kubabaisha kiasi kwamba mtaalamu mmoja wa programu alisajili nyingine inayofanana nayo, maneno yamegeuzwa tu: securityequifax2017.com. Alitaka kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuwahadaa watu. Akaunti rasmi ya Equifax kwenye Twitter ikaanza kuwaelekeza wateja kwenye tovuti hiyo ya mfano, si mara moja, ni mara kadhaa. Bahati nzuri aliyeitengeneza hakuwa na nia mbaya.

Badala ya kumwambia afungie faili, tovuti ilimpa huduma ya bure ya ufuatiliaji wa mikopo kwa mwaka mmoja, ikiitwa TrustedID Premier, mali ya Equifax hiyo hiyo. Masharti yake yalikuwa na kifungu kinachomnyima anayejiunga haki ya kushiriki kesi ya pamoja mahakamani. Mgogoro wowote uende kwa msuluhishi. Kelele zilipopigwa, akiwemo mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, kampuni ikakifuta kifungu hicho.

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na ambayo kampuni hazina haraka ya kuyatenganisha. Ufuatiliaji ni kupewa taarifa: mtu akifungua kadi kwa jina lako leo, kesho au keshokutwa unapata ujumbe. Deni limeshaingia, na kazi ya kulikana ni yako. Kufungia ni kuzuia: mkopeshaji anauliza, kampuni inamjibu kwamba faili limefungiwa, na mkopo hautolewi kwa sababu hakuna mkopeshaji anayependa kukopesha gizani. Ufuatiliaji unaacha biashara ya mafaili iendelee kama kawaida. Kufungia kunaisimamisha kwa mtu mmoja.

Basi mtu wetu anaamua kufungia. Anakuta kwamba ni lazima aombe kwa kila kampuni peke yake. Katika majimbo mengi kila ombi ni dola 5 hadi 10, na kufungua kwa muda, pale atakapotaka mkopo wa kweli, ni ada nyingine. Mume na mke, kampuni tatu, dola 10 kila moja: dola 60 kufunga, na kufungua vivyo hivyo. California ilikuwa na sheria ya kufungia faili tangu mwanzoni mwa 2003, majimbo mengine yakaifuata, lakini ada ilibaki. Equifax iliisamehe ada yake baada ya siku chache za hasira za watu. Nyingine mbili ziliendelea kutoza. Hoja yao haikuwa ya kijinga: hawakudukuliwa wao. Lakini bado ni ajabu kumlipa mtu ili asiuze habari zako.

Baada ya kufungia, Equifax ilimpa namba ya siri ya tarakimu kumi ya kufungulia. Wenye macho makali waligundua jambo: namba ile ilikuwa tarehe na saa ya kuomba. Aliyefungia Septemba 8, 2017 saa nane na robo mchana alipewa 0908171415. Mwizi hakuhitaji kubahatisha kati ya mabilioni ya namba. Alihitaji kukisia dakika, tena katika wiki ambayo kila mtu alijua watu wanafungia. Mtindo huo haukubuniwa siku hiyo, ulikuwapo kitambo, na kampuni iliubadilisha ulipoanikwa hadharani. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kinachosema zaidi katika kisa chote. Cheti kilichokwisha muda unaweza kukiita uzembe wa mtu mmoja au idara moja. Namba ya siri isiyo siri inaonyesha kwamba hakuna mtu mwenye madaraka aliyewahi kuketi na kujiuliza kama chombo hiki kinafanya kazi. Sheria za majimbo zilitaka kiwepo, wakakiweka.

Nani ananufaika na hofu

Agosti 17, 2017, wiki tatu kabla ya tangazo, mkurugenzi mkuu Richard Smith alizungumza katika Chuo Kikuu cha Georgia. Aliwaeleza wasikilizaji kwamba ulaghai ni fursa kubwa na biashara inayokua kwa kampuni yake. Kwa ushahidi wake mwenyewe bungeni, siku mbili kabla alikuwa ameshaambiwa kwamba inaelekea taarifa za wananchi zimeibwa.

Alistaafu Septemba 26. Oktoba 3 alipofika mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi alieleza kwamba mtu mmoja katika idara ya teknolojia hakupeleka mbele agizo la kuweka sasisho. Kampuni nzima yenye mafaili ya dunia, na lawama inatua kwa mfanyakazi mmoja ambaye hata hakutajwa jina. Kesho yake, mbele ya kamati ya benki ya Seneti, seneta Elizabeth Warren alimbana kwa swali la fedha: watu waliotishika wanakimbilia kununua huduma ya kulinda utambulisho ya LifeLock, na LifeLock inanunua ufuatiliaji wake kutoka Equifax. Kwa hiyo kampuni inapata kitu kwa kila mtu inayemtia hofu? Smith hakukana kwamba mkataba huo upo.

Warren na seneta mwenzake Brian Schatz walikuwa wameshapeleka muswada wa kufanya kufungia kuwe bure. Haukupita kwa sura yake, lakini wazo likaingia katika sheria kubwa zaidi ya mambo ya benki iliyosainiwa Mei 24, 2018. Kuanzia Septemba 21, 2018 kufungia na kufungua faili ni bure nchi nzima. Ukiomba kwa simu au mtandaoni, kampuni ina siku moja ya kazi kufungia na saa moja kufungua. Kwa posta, siku tatu za kazi. Saa moja hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko hata ubure. Zamani kufungua kuliweza kuchukua siku, na muuzaji wa gari hakusubiri. Sasa unaweza kukaa kwenye kiti cha duka, ukafungua kwa simu yako, ukaulizia muuzaji anatumia kampuni ipi kati ya tatu, ukafungua hiyo moja tu na kuweka tarehe ya kujifunga tena.

Julai 2019 Equifax ilikubaliana na Tume ya Shirikisho ya Biashara na wenzake kulipa si chini ya dola milioni 575, zikiweza kufika 700. Watu wakasikia kila mmoja atapata dola 125. Fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31, na ukiligawa kwa 125 linatosha watu 248,000 kati ya milioni 147. Baada ya siku chache tume yenyewe ikawa inawasihi watu wachague ufuatiliaji wa bure badala ya fedha.

Wezi ambao hawakuuza

Februari 10, 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka wanajeshi wanne wa China kwa udukuzi huu, ikidai walipitia seva 34 katika nchi karibu 20 kuficha nyayo zao. Taarifa za Equifax hazikuonekana zikiuzwa kwenye masoko ya wahalifu ya mtandaoni. Kama mashtaka hayo ni ya kweli, walizitaka kwa ajili ya ujasusi, si kwa kufungulia kadi za duka.

Hapo anayependa kupinga atauliza: basi waliofungia mafaili yao mwaka 2017 walijikinga na nini? Jasusi hahitaji mkopo wa gari kwa jina lako.

Swali ni zuri, lakini linachukulia kwamba kila wizi una mwizi wake na kinga yake. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba kampuni ndogo ya Florida ya kuchunguza historia za watu, National Public Data, ilikuwa imedukuliwa. Mdukuzi alidai ana rekodi bilioni 2.9 na akaomba dola milioni 3.5, miezi michache baadaye zikasambazwa bure, zenye majina, anwani na namba za Social Security. Nyingi zilikuwa za kujirudia na nyingine za waliokwisha kufa, lakini za walio hai hazikukosekana. Oktoba mwaka huo kampuni ikaomba kufilisika. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya AT&T ilithibitisha kwamba taarifa za wateja milioni 73, wa sasa na wa zamani, ziko mtandaoni. Aliyefungia faili lake mwaka 2017 kwa kumwogopa mwizi mmoja alikuwa amejikinga na hawa wengine bila kunyanyua kidole.

Ndiyo maana nasema ushauri wa "subiri uone kama umeathirika" umepitwa na wakati. Kwa mwenye namba ya Social Security leo ni salama zaidi kuchukulia kwamba imeshavuja kuliko kutumaini kwamba haijavuja. Kufungia hakuirudishi siri. Kunaifanya namba iliyovuja isitoshe peke yake kukopea, na hicho ndicho kitu ambacho hakuna ufuatiliaji, wa bure wala wa kulipia, unaoweza kukifanya.

Mipaka yake

Kufungia si dawa ya kila ugonjwa. Hakumzuii aliyeiba kadi uliyonayo tayari asiitumie. Hakumzuii anayewasilisha hesabu za kodi kwa jina lako ili achukue marejesho. Kwa hilo mamlaka ya kodi, IRS, hutoa namba maalumu ya tarakimu sita inayobadilika kila mwaka, na tangu 2021 yeyote anayeweza kuthibitisha utambulisho wake anaweza kuiomba. Hakumzuii anayetibiwa kwa bima yako. Akaunti za benki za kawaida mara nyingi hukaguliwa kupitia kampuni ya ChexSystems, na simu na umeme kupitia hifadhi nyingine ya taarifa, NCTUE. Hizo zina mafaili yake na kufungia kwake, bure pia, nje ya zile tatu. NCTUE, kwa taarifa yako, inaendeshwa na Equifax.

Wanaokudai tayari wanaendelea kuliona faili, na wakusanya madeni vilevile. Sheria pia imewaacha nje wanaokagua kwa ajili ya ajira, upangaji wa nyumba na bima. Alama zako hazishuki kwa kufungia, ingawa uvumi huo ni mgumu kufa.

Tahadhari ya ulaghai ni kitu kingine: inamtaka mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba ni wewe, inakaa mwaka mmoja, na ukiiomba kwa kampuni moja hiyo inawaarifu wenzake wawili. Ni nyepesi, na kinga yake ni nyepesi vilevile. Halafu kuna kile ambacho kampuni zenyewe hukitangaza kwa herufi kubwa, "lock", kitufe cha kwenye simu cha kufunga na kufungua, mara nyingine kikiwa ndani ya kifurushi cha kulipia kila mwezi. Kinafanya kazi inayofanana na kufungia, lakini kinasimama juu ya mkataba wa kampuni, wakati kufungia kunasimama juu ya sheria. Ukienda kwenye tovuti zao kutafuta kufungia kwa bure, tegemea kukutana na kitufe kile cha kulipia kwanza. Endelea kushuka.

Siku hizi kampuni zimeachana na namba za siri za barua na zinatumia akaunti yenye nywila. Hilo lina faida, na lina jambo moja la kuangalia: fungua akaunti yako kwenye zote tatu kabla mtu mwingine mwenye taarifa zako hajaifungua kwa barua pepe yake.

Wanaosahaulika ni watoto. Mtoto aliyezaliwa Marekani hupata namba ya Social Security akiwa mchanga, na kwa mwizi namba hiyo ni tamu, maana hakuna atakayeomba mkopo nayo kihalali, wala kuchungulia faili lake, kwa miaka kumi na minane. Mara nyingi wizi hugunduliwa kijana anapoomba mkopo wa chuo na kukuta tayari anadaiwa. Sheria ya 2018 inamruhusu mzazi au mlezi kumfungia mtoto wa chini ya miaka 16 bila malipo, na kama mtoto hana faili, kampuni inalazimika kulitengeneza kisha kulifungia. Tofauti na mtu mzima, hapa kazi hufanywa zaidi kwa posta: nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya kadi yake ya Social Security, kitambulisho cha mzazi na uthibitisho wa anwani, kwa kila kampuni peke yake. Mlezi asiye mzazi huongeza hati ya mahakama inayompa ulezi. Akifikisha miaka 16, kijana anaruhusiwa kufungia na kufungua mwenyewe.